Meli Iliyozama Ghorofa ya Kwanza, Mbweni

Leo nimeadhirika, jamani. Uso wangu nimeuacha Mbweni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vigae.

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa. Mashahidi walikuwa zaidi ya ishirini. Wengine walikuwa na keki mkononi.

Ilianza na macho ya mama mkwe. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa wa Mtoni, ametolewa mtoto wa jicho, kulia kisha kushoto. Miaka sita alikuwa anaona ukungu tu. Sasa anaona mpaka vumbi lililo juu ya kabati langu (na analitaja kwa sauti). Yupo kwetu Chang'ombe anajiuguza. Juzi tunakunywa chai, akaweka kikombe chini, akasema:

"Nimefunguliwa macho. Nipelekeni nikaone kitu ambacho sijawahi kukiona."

Mume wangu Rajabu akasema twende tukatazame ndege zinavyoruka. Bibi akamwambia ndege zinapita juu ya paa lake Mtoni tangu yeye Rajabu hajazaliwa. Ndipo binti yetu Salma, ana miaka kumi na moja na simu ya baba yake haimtoki mkononi, akadakia:

"Bibi, twende kwenye meli ya Mbweni! Ni eskepu rumu. Wanawafungia familia nzima kwenye chumba kama cha meli ya watalii, mnafumbua mafumbo, mkimaliza mlango unafunguka. Mna dakika sitini."

"Nami sijui kuogelea. Nikizama?"

"Huzami, Bibi. Ipo ghorofani."

Bibi akafikiri. "Meli ya ghorofani. Hiyo kweli sijawahi kuiona. Twendeni."

Mie nikafurahi kuliko wote. Nyie mnanijua. Mie ni karani wa masjala mwaka wa kumi na nne huu. Faili lililopotea tangu bosi aliyepita wa aliyepita, mie nalichomoa. Nikawaambia njia nzima, kuanzia Chang'ombe mpaka Mbweni, kwamba wao wakae tu, watulie, mama yao yupo. "Ufunguo kwenye kachumba kamoja? Dakika kumi tupo nje tunakunywa juisi."

(Mungu alikuwa ananisikiliza, anatabasamu.)

Tulipofika tukapokewa na dada mmoja mchangamfu, Jesca, kavaa fulana ya mistari na kofia ya nahodha. Pale mapokezi kulikuwa na sherehe ya mtoto: mapulizo, keki ya ghorofa mbili, wazazi wamejaa kwenye viti wanatazama skrini kubwa ukutani. Nikadhani wanatazama mpira. Sikugeuka hata kuangalia.

Dada Jesca akaanza kutoa maelekezo. Alieleza mengi. Mie nilisikia "dakika sitini" na nikasikia "msivunje kitu". Ya katikati sikuyasikia, nilikuwa napiga selfi na usukani mkubwa wa mbao uliotundikwa pale. Kisha wakachukua simu zetu wakazifungia kwenye kabati, tukaingia, mlango ukajifunga nyuma yetu. Kaaa!

Jamani, watu wana akili. Kilikuwa chumba cha abiria kabisa. Kitanda chembamba kimebanwa ukutani. Dirisha la duara, nje yake video ya maji. Maboya ya kuvaa yametundikwa kwenye misumari. Sauti ya mawimbi. Na sakafu, nawaapia, ilikuwa inatikisika kidogo kidogo. Bibi akashika ukuta, akacheka kama msichana.

"Mashaallah! Mpaka harufu ya chumvi!"

Sauti nzito ikatoka juu: "Ndugu abiria. Nahodha haonekani. Meli inaelea bila mtu. Tafuteni njia ya kutoka kabla dakika sitini hazijaisha." Na saa nyekundu ukutani ikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Salma akaingia chini ya kitanda, akatoka na sanduku lenye kufuli la namba nne. Juu yake kuna barua ya nahodha. Nikainyakua (karani mimi). Imeandikwa: "Kengele ya chai hulia saa moja asubuhi. Ya chakula, saa saba mchana. Ya kahawa, saa tisa alasiri. Ya chajio cha mabaharia, saa mbili usiku."

Nikacheka. "Hii ndiyo ya kutusumbua? Moja, saba, tisa, mbili. Bonyeza."

Salma akabonyeza. Kufuli limekaza.

"Umekosea. Lete nibonyeze mimi." Nikabonyeza. Limekaza. Nikaanza mwisho kuja mwanzo. Limekaza. Nikajumlisha. Nikatoa. Nikalipuliza. Nikalipiga na kisigino cha kiatu. Dakika kumi na mbili zikaenda, jasho linanitoka, nikatoa tamko:

"Kufuli bovu hili. Tuite watu wa hapa."

Bibi muda wote alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, anatazama saa nne za duara zilizochorwa ukutani bila mishale. Akasema taratibu:

"Zuhura, mwanangu. Saa ya ukutani inajua Kiswahili?"

"Vipi, mama?"

"Ikiwa saa moja asubuhi, mshale uko kwenye ngapi?"

Salma akaruka. "Saba! Saa moja mshale uko kwenye saba! Saa saba kwenye moja! Saa tisa kwenye tatu! Saa mbili kwenye nane!" Saba, moja, tatu, nane. Ta! Sanduku likafunguka.

Salma akamkumbatia bibi yake. Rajabu akanitazama, akafungua mdomo, akaona afunge. (Ndoa yetu ina miaka kumi na miwili kwa sababu hiyo.)

Ndani ya sanduku kulikuwa na tochi ndogo yenye mwanga wa zambarau. Basi. Tukamulika kila mahali, hakuna kitu. Ndipo Rajabu akaona ubao wa swichi pembeni ya mlango. Jamani, mume wangu ni fundi kwenye mitambo ya umeme wa gesi Kinyerezi. Akakunja mikono ya shati. Akatuambia turudi nyuma. Akaugusa ule ubao kama daktari anavyogusa tumbo la mgonjwa, anatikisa kichwa, anasema "mmh", anasema "hawa wameunganisha vibaya". Robo saa nzima! Salma akamsogelea, akaukwangua kwa ukucha.

"Baba, hizi ni stika."

Zote zilikuwa picha za kubandika. Zote isipokuwa swichi moja nyekundu, chini kabisa. Rajabu kwa aibu akaiminya.

Giza.

Siyo giza la kawaida. Giza la ndani ya mtungi. King'ora kikaanza kulia, sakafu ikatikisika kama mtu anapepeta mchele, na ile sauti nzito ikasema: "Maji yanaingia! Maji yanaingia!"

Bibi akauliza gizani: "Rajabu, mpaka huku umekata umeme?"

"Mama, mie leo niko ofu!"

Sasa nieleweni. Mie ni mtu wa Kondoa. Kwetu maji yapo kisimani na yanatulia. Akili yangu ilikuwa inajua vizuri kwamba tupo Mbweni, ghorofani, chini yetu kuna vigae na saruji. Lakini miguu haikuwa na taarifa hizo. Halafu wakapuliza mvuke wa baridi kutoka juu. Matone yakanigusa shingoni.

Ndiyo ikawa basi.

Nikapapasa ukuta nikavuta boya, nikalivaa kwa kichwa, likakwama, mkono mmoja umetokea palipotakiwa kutokea shingo. Mtandio ukaanguka. Nikapanda kitandani kwa magoti, nikaushika mkono wa mama mkwe kwa nguvu zote.

"Mama, nisamehe!"

"Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Visheti!"

"Visheti gani?"

"Vyote!"



"Mama, huu ni mchezo," Salma akasema kutoka mahali fulani. Sikumsikiliza. Mlango wa toba ukishafunguka haufungwi na mtoto.

Hapa niwaeleze nyie msiojua. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nalia jikoni. Mie nimelelewa kwa ugali na mlenda, nimeolewa kwenye ukoo ambao mwanamke anapimwa kwa shira ya visheti vyake. Nilijaribu. Vya kwanza ungeweza kujengea ukuta. Mama mkwe alikula kimoja, akanywa maji glasi mbili, hakusema neno. Kutosema kwake kuliniuma kuliko matusi. Salma alipofika miezi mitatu, nikaenda kimyakimya kwa Bi Kidawa, jirani wa nyumba ya nne, nikanunua kopo zima la visheti, nikavibadilishia chombo, nikampa Rajabu apeleke Mtoni. Siku iliyofuata mama mkwe akapiga simu. Akasema, "Zuhura, sasa umekuwa mtu wa pwani." Ndiyo mara ya kwanza kunisifia. Nilizunguka na hiyo sentensi wiki nzima kama nimevaa dhahabu. Sasa ningeachaje?

Haya yote niliyasema pale, nikilia, juu ya king'ora, kwa sauti ya mtu anayeitwa na malaika. Kopo baada ya kopo, Idi baada ya Idi.

"Kwa hiyo vya harusi ya Mwajuma?" Bibi akauliza.

"Vya Bi Kidawa."

"Na vile ulivyoniletea hospitali?"

"Vya Bi Kidawa, mama."

Akavuta pumzi ndefu. Nikajua leo narudishwa Kondoa. Kumbe.

"Haya. Na mie kama tunazama, nizame mweupe. Zuhura, visheti vyako mie silagi."

"Mama?"

"Nilikuwa navimimina kwenye sahani yangu ya maua, nawakaribisha wenzangu wa pale Mtoni, nawaambia nimepika mwenyewe."

Jamani!

"Miaka sita," akaendelea, na sauti yake ikalegea. "Macho yalipoanza kuingia ukungu, nilipika nikaiunguza shira. Nikapika tena, nikajiunguza mkono. Wale wanawake wananijua kwa visheti tangu tuna meno yote. Ningewaambiaje kwamba sioni sufuria? Nikasema nitaacha kuwakaribisha. Wiki ile ile Rajabu akaingia na kopo lako la Idi. Nikasema, Mola huyu hamwachi mja wake."

Sikujua. Miaka sita yote hiyo, sikujua kwamba mama huyu alikuwa anaogopa. Mie nilikuwa namwogopa yeye, yeye alikuwa anawaogopa wanawake wa Mtoni, na katikati yetu kuna kopo la Bi Kidawa.

"Na sasa si macho yamepona, mama?"

"Macho yamepona. Uvivu umebaki."

Nikaanza kucheka huku nalia. Naye akaanza. Tukashikana pale kitandani, boya limetubana, tunacheka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Ghafla Bibi akaacha kucheka.

"Rajabu."

"Naam, mama."

"Wewe ndiye uliyekuwa unatumwa kuvichukua kwa Kidawa?"

"Ndiyo, mama."

"Na ndiye uliyekuwa unaniletea."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unakaa pale barazani kwangu, unakula na wageni, unawasikia wakinisifia. Na ukirudi kwako unamsikia huyu anajisifia."

Nikamsikia Rajabu anasogea mbali na kitanda.

"Vilikuwa vitamu, mama."

Nilimtafuta gizani nimpige na boya. Sikumpata. Badala yake king'ora kikakatika, na kwenye spika ikaja sauti. Siyo ile nzito. Ilikuwa ya dada Jesca, na ilikuwa inahangaika kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

"Samahani, familia. Zimebaki dakika nne. Na halafu... samahani... kuna mama mmoja huku nje anaomba namba ya Bi Kidawa."

Nikauliza:

"Huku nje wapi?"

"Huku mapokezi, dada. Kwenye skrini. Nilieleza pale mwanzo, tutakuwa tunawaona na kuwasikia, mkikwama mnapunga mkono."

"Lakini ni giza!"

"Kamera zetu zinaona gizani, dada."

Mpira! Nilidhani wanatazama mpira! Nikajiona wanavyoniona: magotini juu ya kitanda, kichwa wazi, boya limenikaba, kamasi. Nikapunga mkono. Sijui kwa nini. Labda kuaga. Kupitia mlangoni nikasikia watu wanaangua kicheko.

Na katika dakika hiyo hiyo, mtoto wangu, ambaye wakati sie wazazi wake tunatubu alikuwa anafanya kazi, akapiga kelele: "Nimepata!" Ile tochi ya zambarau, kumbe ilihitaji giza. Dari yote ilikuwa imeandikwa kwa rangi isiyoonekana mchana. Salma kalala chali sakafuni, kasoma namba moja moja, kazibonyeza kwenye kufuli la namba la mlangoni. Taa zikawaka. Muziki ukapigwa. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kama pazia.

Na nyuma yake, ukumbi mzima umesimama.

Wakapiga makofi. Wakapiga vigelegele. Mtoto wa sherehe, kavaa taji la karatasi, akamvuta mama yake gauni: "Mama, ndiyo huyu aliyekuwa analia visheti?" Baba mmoja alikuwa anajifuta machozi na leso ya keki. Nikajaribu kulivua lile boya, likagoma. Nikataka kurudi ndani. Rajabu alikuwa amesimama mlangoni, kaniziba.

Bibi Mwanahawa hakubabaika. Alijifunga kanga yake vizuri, akanivisha mtandio kwanza mie, akatoka mbele kama mgeni rasmi.

"Asalaam aleikum," akasema. Wote wakaitikia. "Aliyekuwa hajasikia vizuri, aje hapa nimrudie."

Ukumbi ukalipuka. Tukaketishwa, tukakatiwa keki. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshatoa namba ya Bi Kidawa kwa watu kumi na mmoja, na mama mkwe kapata marafiki wapya wanne. Salma kaandikwa jina ukutani. Wakatupiga picha ya washindi. Mie nimo, na boya langu. Ilibidi dada Jesca aje na mkasi, na hakuja mpaka picha imeshapigwa. Wameibandika mapokezi. Ukienda utaniona.

Tukarudi kwa gari, tukafika Mwenge. Mie nimekaa nyuma na mama mkwe. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, sikumbuki uliwekwa lini. Nikawa nawaza nimwambie nini. Nitajifunza kupika, mama? Nisamehe tena, mama? Akanitangulia.

"Zuhura."

"Abee, mama."

"Ijumaa nina wageni Mtoni."

"Ndiyo, mama."

"Mwambie Kidawa makopo mawili. Na mwambie apunguze sukari. Wageni wananilaumu, wanasema siku hizi mkono wangu umezidi utamu."

Rajabu akacheka mpaka akawasha waipa badala ya taa.

Basi ndugu zangu, sina la kuongeza. Ombi langu ni moja. Atakayealikwa Mtoni Ijumaa aende, ale, ampongeze Bi Mwanahawa kwa mapishi, anywe na kahawa. Kisha afunge mdomo wake arudi kwao.